Jiwe Lililobaki

Kiongozi wetu kijana, Muhannad jina lake,
kanzu imepigwa pasi mpaka inakata.
Kila tukifika kwenye gofu anasimama yeye kivulini,
sisi anatupanga juani.
"Tazameni dari," asema. "Boriti zile ni za Rufiji."
Nainua shingo. Mikoko,
miaka mia na zaidi haijaona maji ya chumvi,
bado imejipinda kidogo
kama inayotafuta tope lake.

Tu watu sita, Waswahili wa Maskati,
tumekuja Ibra kutembea Ijumaa asubuhi:
mwalimu mstaafu aliyezaliwa Wete,
mume na mke waliobeba chupa ya kahawa,
vijana wawili wanaopiga picha milango,
na mimi, niliyelipa riali tano
kuonyeshwa nilikotoka.

Hilo sikumwambia mtu.
Bibi alinirithisha vitu viwili tu vya mji huu:
neno *tabsili*,
na kovu la mama yake, Zafarani.
"Hapa," akisema, akijigusa kifundo cha mkono
ambacho chake yeye kilikuwa kizima,
"hapa sufuria la tende lilimrukia."

Tunafika kwenye tanuri.
Mawe yamekoza moshi, mbuzi kalala ndani.
"Tende za mabsili," Muhannad asema,
"zilichemshwa hapa wakati wa joto,
zikaanikwa, zikatiwa magunia, zikapelekwa Bara Hindi."
Zilichemshwa. Zikaanikwa. Zikatiwa. Zikapelekwa.
Kiswahili chake kizuri, kanyonya kwa mamake,
lakini kila kitenzi kimejitenda chenyewe,
hakina mkono ndani.

Tunafuata falaji, maji membamba ya baridi,
mwalimu anavua makubazi, anatia miguu, anacheka peke yake.
Mitende imesongamana juu yetu.
Shamba hili, twaambiwa, lilikuwa na zamu ya maji
tangu nyota fulani ichomoze hadi nyingine ituwe.
Jina la nyota analo. Jina la mwenye shamba analo,
na la baba yake, na la babu yake.

Kisha makaburini.
Changarawe, jua, mawe yamesimama kama meno.
"Kwetu haandikwi mtu. Mwanamume mawe mawili,
mwanamke matatu. Sheikhe na mtwana sawasawa."
"Alhamdulillahi," mwalimu akaitikia.
Sawasawa, nikasema moyoni. Ila huu ukuta.
"Na wale wa ng'ambo?"
Akakitengeneza kilemba. "Wale? Wale wa shamba."
Wa shamba. Kama mitende.

Nikaruka ukuta, na miaka yangu hamsini na minane,
buibui likanasa, likachanika.
Nilikuja kuhesabu. Nilitaka matatu matatu,
nichague moja kati ya machache, niseme: labda huyu.
Kote mawili. Safu nzima, mawili mawili,
kana kwamba shamba lile halikuzika mwanamke.

Mtu alikuwa akikata majani ya mbuzi, mundu mkononi.
Shofiqul, wa Komilla, mwaka wa kumi na moja hapa.
Kiarabu chake cha kuokoteza, na changu hakikupita chake sana.
Wadi ilikuja, akanieleza, maji mpaka hapa,
akajipiga kifuani. Mawe yote yalikwenda.
Yakamwonea imani. Hapana: yeye aliyaonea.
Jioni tatu, baada ya kazi, akayarudisha,
mawili kila mahali udongo ulipovimba.
Hakuna aliyemwambia habari ya matatu.

Pembeni, chini ya mkwaju, moja lina manne.
"Na hili?"
Akaona haya kidogo, akafuta mundu pajani.
"Jiwe moja lilibaki. Lingine likaja baadaye, mbuzi alilifukua.
Sikujua niyapeleke wapi."

Nikachutama pale, sijui kwa nani.
Fatiha ilipokwisha midomo haikutulia.
"Zafarani alichemsha," nikasema kwa sauti.
"Alianika. Alitia magunia."
Shofiqul hakuelewa neno, akangoja nimalize
ndipo akaanza tena kukata majani.

Ng'ambo ya ukuta wananiita.
Kahawa inapoa, wasema, na tende zimeshafunuliwa.